Tairi la Akiba na Mlango Alioufunga Bibi

Mungaa, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Yunisi,

Kama umeikuta barua hii asubuhi kabla hujawasha injini, nimefurahi, maana nimeiweka chini ya wilispana ndani ya kabati la jeki. Hakuna njia ya kuifikia ila kulifungua kabati na kuinua kila kilichomo. Kama umeikuta baadaye njiani, ujue tumeshagombana, maana hukukagua makabati asubuhi. Na kama hujaiona hadi tufike Iguguno, haidhuru, kwa sababu huko utayasikia haya kwa masikio yako.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa wala za kulala na dirisha wazi. Mama yako amezisema tangu juzi, na ninavyomfahamu atazisema tena kesho gari likianza kuondoka, akikimbia pembeni. Kuendesha nako sitakufundisha. Kule kambini kwenye mafunzo ya udereva wamekufundisha vizuri kuliko nilivyofundishwa mimi. Jana nilikuona ukilirudisha gari nyuma kati ya ghala la kijiji na trekta bila kugusa kitu, na mwenyekiti wetu, aliyekuwa amejiandaa kucheka, akajifanya anakohoa.

Sasa hivi mmekwenda na mama yako kuwaaga majirani, nami nimekaa kwenye ngazi ya gari lako nikiandikia juu ya goti. Ni nyumba kamili hii. Kuna kitanda cha wagonjwa ambacho usiku kitakuwa chenu, wewe na nesi, kuna jiko la mafuta ya taa, pipa la maji na hata pazia. Miezi mitatu mtakaa humu, mkitoka kijiji kipya kimoja kwenda kingine, mkichanja watoto na kupima wajawazito. Nimelizunguka mara mbili. Makabati ya nje ni sita, matatu kila ubavu. Tairi la akiba moja liko ukutani nyuma, jingine limeshikwa kwa mnyororo chini ya mkia wa gari, mahali pasipofikiwa na mkono mpaka mtu alale chali.

Habari ya hilo la chini ndiyo ninayotaka kukupa. Nimekaa nayo miaka kumi na minane na sitaki uianze kazi hii hujaijua. Ukishaijua unaweza kunichukia. Hilo nimelifikiria pia, nikaona heri unichukie kwa jambo la kweli kuliko kunipenda kwa uongo.

Unajua kwamba unayemwita mama ni dada mkubwa wa Ana, mama aliyekuzaa. Hatukukuficha. Unajua mumewe Ana alikwenda mashamba ya mkonge kabla hujazaliwa na hakurudi wala kuandika. Unajua pia kuwa Ana alifia njiani, kati ya Iguguno na Singida mjini, ndani ya gari nililokuwa nikiliendesha mimi. Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini, nikakujibu kwamba gari liliharibika. Mwanangu, gari halikuharibika.

Mwaka ule bendera yetu ilikuwa bado mpya, watu walikuwa wakisimama kuitazama. Nilikuwa dereva wa gari kama hili lako, ila letu lilikuwa na mwili wa mbao na bati, na lilipopita kwenye mawe lilipiga kelele mpaka mbwa wa vijiji viwili wakaitikia. Watu waliliita nyumba inayotembea. Dereva mzee aliyenikabidhi alinipa funguo na neno moja tu. Alisema, "Jicho halikazi nati." Maana yake kila asubuhi ulale chini ya mkia wa gari, ulishike tairi la akiba kwa mikono miwili, ulitikise. Likicheza, kaza mnyororo. Kisha uzunguke makabati yote, kila komeo uligeuze, uchomeke pini yake, halafu uvute mlango kama mtu anayetaka kuiba. Ni kazi ya dakika tano, na niliifanya kila siku kwa mwaka mzima. Siku moja sikuifanya.

Tulikuwa Iguguno kwa kazi ya kuchanja, na kwa kuwa ni ukweni kwangu, gari lililala uani kwa Bibi yako. Ana alikuwa pale kwa mama yake akisubiri siku zake. Alfajiri uchungu ukamshika. Nesi tuliyefuatana naye akampima, akatoka nje akifuta mikono.

"Mtoto amekaa vibaya," akaniambia. "Hapa sitaweza. Twende mjini sasa hivi."

Nilikuwa na tairi moja tu la akiba. Lile la ukutani lilikuwa limetoboka siku mbili nyuma, na gundi ya viraka ilikuwa imetuishia. Kwa hiyo lile la chini ndilo lililokuwa tegemeo letu lote, nami nilijua. Nikaenda nyuma ya gari nikalitikise. Nikamkuta Bibi yako amesimama palepale.

Hapa lazima nikueleze, kwa sababu wewe umekua kwa utani naye. Umemwibia ugoro, umemwita mke mwenza, umemvuta kanga akienda kanisani, naye anacheka. Mjukuu ana ruhusa hiyo. Mimi kwake ni mkwe. Nililelewa kwamba mama mkwe ukimwona njiani unaacha njia. Sijawahi kula mbele yake. Jina lake silitaji, na hata hapa unaona siliandiki. Sasa mtu kama huyo amesimama hatua mbili kutoka mkia wa gari, nami napaswa kulala chali mavumbini miguuni pake, miguu yangu imetoka nje, shati limepanda tumboni. Kwa jinsi nilivyolelewa, heri ningevua nguo sokoni.

Nikachuchumaa. Nikainamisha shingo nikatazama. Tairi lilikuwepo. Nikajiambia kwamba kwa kuwa lipo, limefungwa.

Ningeweza kulisogeza gari mbele hatua kumi, nikalala chini nisikoonekana. Nimelifikiria hilo kila siku ya maisha yangu tangu siku ile. Asubuhi ile halikunijia kabisa.

Bibi yako naye hakuwa amesimama bure. Alikuwa na kapu la karanga na kuku mmoja aliyefungwa miguu, vya kumsaidia mwanawe huko hospitali. Akafungua kabati la ubavuni, ndilo la jeki na wilispana, akaviingiza, akausukuma mlango. Bati likalia. Nilisikia kwa ule mlio kwamba komeo halikugeuka na pini haikuingia. Ningeweza kwenda kuufunga upya. Lakini kumfuata mkwe nyuma na kufunga tena mlango alioufunga yeye ni kama kumwambia hajui kufunga mlango. Nikapanda, nikawasha.

Lilikuwa lori zima la heshima lile, Yunisi. Tulibeba kila kitu ila umakini.

Tulikuwa tumeacha Iguguno nyuma kitambo, Ana akilalamika kwa sauti ya chini, tairi la nyuma lilipopasuka. Sikushtuka. Tairi kupasuka ni kazi ya kila wiki. Nikashuka kwenda kabatini na kuukuta mlango unapepea. Hamna jeki wala wilispana, kapu halipo, kuku hayupo. Lilibaki manyoya machache. Hapo bado nilikuwa na moyo, kwa sababu dereva yeyote wa bara anajua kwamba gari hubadilishwa tairi bila jeki. Unapanga mawe chini ya ekseli, unachimba udongo chini ya gurudumu mpaka lining'inie. Jembe tulikuwa nalo ndani, na spana nyingine nilikuwa nayo chini ya kiti. Nikazunguka nyuma, na safari hii nikalala chini bila kumwonea haya mtu.

Mnyororo ulikuwa unaning'inia peke yake. Ncha yake ilikuwa imesuguliwa na barabara mpaka ikang'aa. Nikajua kwamba ulikuwa umeburutwa muda mrefu, na kwamba tairi liko mbali.

Ulikuwa msimu wa mvua. Lori lilipita barabara ile mara moja kwa siku, au lisipite. Nikamwambia nesi narudi sasa hivi, nikaanza kukimbia kurudi tulikotoka. Sitakueleza njia. Nililikuta karibu kabisa na Iguguno, wachungaji wawili wamelikalia, watu wazima wanakula viazi.

"Tulijua mwenyewe atarudi," mmoja akasema. "Kitu kama hiki mtu hakiachi."

"Lipo hapa tangu saa ngapi?"

"Mlipopita tu. Tulipiga kelele hamkusikia."

Lile gari na kelele zake. Nikaliviringisha tairi lile kurudi, mlima na bonde, nalo ni tairi la lori, si baiskeli. Mahali pa mteremko lilinitangulia na kuanguka mtaroni, nikalitoa. Nilipoliona gari jua lilikuwa limeshapita utosini, na nikasikia mtoto analia. Huyo ulikuwa wewe. Nilifurahi, nakwambia kweli. Kwa hatua kama hamsini hivi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote barabarani.

Nesi alikuwa kwenye ngazi, hapa nilipokaa mimi sasa kwa mfano.

"Mtoto mzima," akasema. "Mama damu haikatiki. Funga tairi."

Nikachimba. Nikapanga mawe. Nikiwa nimeinama kwenye nati, akaniuliza kutoka juu, bila hasira, "Asubuhi ulilikagua?"

Nikamjibu, "Nililikagua."

Nikakaza nati zote huku nakusikia ukilia na Ana akizidi kunyamaza. Alikata roho kabla hatujaliona ziwa la Singida, pale mjini. Nesi aligonga dirisha la nyuma mara moja kwa kidole, nikaelewa, nami sikupunguza mwendo wala kuongeza.

Ningekuwa na tairi lile mahali pake, tungechelewa muda wa kuchimba tu, basi. Daktari mmoja aliniambia baadaye kwamba hata hivyo hakuna anayejua kama angepona. Nilimshukuru. Lakini mimi najua kwamba muda alioupoteza Ana haukupotezwa na barabara wala na Mungu.

Tulimrudisha Iguguno kumzika. Watu waliponiuliza nikasema jeki ilianguka kutoka kabatini, na matairi yote mawili ya akiba yalikuwa yametoboka. Nusu kweli, nusu uongo, kama maziwa ya kuuza. Mnyororo sikuutaja. Baada ya matanga Bibi yako alikuja akasimama mbali kidogo, uso ameugeuza pembeni kama inavyotakiwa, akasema, "Mkwe, ule mlango wa kabati niliufunga mimi."

Nikamjibu, "Ni kazi ya Mungu, mama."

Hilo tu. Mwanamke aliyezika mwanawe alinijia kuulizia hatia yake, nami ningeweza kumwambia kwamba jeki haikuwa na maana, kwamba kufunga milango ni kazi ya dereva, kwamba tairi liliachwa na mimi. Nikampa maneno ya kanisani akaondoka nayo.

Unakumbuka anavyofunga banda la kuku? Anafunga, anaondoka hatua tatu, anarudi, anautikisa mlango. Anaondoka tena, anarudi tena. Ulipokuwa na miaka sita ulikuwa ukimwigiza hapa uani, umejifunga kanga, unakwenda unarudi, unakwenda unarudi, na sisi tunacheka. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka. Katika yote niliyoyafanya, kicheko kile ndicho ninachokionea aibu zaidi.

Utauliza kwa nini nilinyamaza. Mwanzo niliogopa kazi. Halafu nikamwogopa mama yako. Halafu ukajifunza kusema, ukaniita baba, na kuanzia hapo nikawa na kitu kikubwa cha kupoteza. Uongo ukiulisha siku za mwanzo, baadaye unajilisha wenyewe.

Mama yako nimemwambia wiki iliyopita, ilipokuja habari kwamba umepangiwa gari hili. Alikuwa anapeta mtama. Aliendelea kupeta mpaka ungo ukaisha, akasema, "Umwambie mama yangu." Siku tatu alinipakulia chakula bila neno. Wewe ulidhani ana majonzi ya kuachana nawe, nami nikakuacha udhani hivyo, maana tabia haiachi haraka.

Baada ya kifo kile niligeuka upande wa pili. Nikanunua kufuli za makabati yote, funguo nikazivaa shingoni. Kila nikisimama kijijini nilizunguka nikifunga mbele ya macho ya watu. Mahali fulani balozi wa nyumba kumi akaniuliza, "Ndugu Dereva, unatufungia sisi?" Watu hawakuleta watoto siku ile mpaka jua lilipopanda. Nilijifunza kusema mapema, baada ya salamu tu, kwamba nafungia mashimo ya barabarani, siwafungii nyinyi. Watu wakiambiwa, wanaelewa. Nilijifunza pia kwamba kamba ya katani hukaza ikilowa na kulegea ikikauka, kwa hiyo usiiamini wiki yenye mvua na jua. Kata mpira wa tyubu kuukuu, huo hauna vigeugeu. Pini ya komeo uifunge kwa waya mfupi ili isipotee. Haya ungeyajua mwenyewe baada ya mwaka mmoja, nakupunguzia tu.

Lakini lile la heshima sijui kama kambini walikufundisha. Sikwambii uwadharau wakubwa. Ukimwacha mzee bila shikamoo nitasikia hata kama uko nyuma ya milima. Ila wewe ni msichana, na kila utakapotaka kuingia chini ya gari atakuwepo mzee mmoja mwenye nia njema atakayesema, "Binti, wewe unalala chini?" Watu wataona haya kwa niaba yako, nawe utaingiwa na haya yao. Siku hiyo mwamkie vizuri, kisha panda, lisogeze gari hatua kumi, ulale chini. Na mtu akikufungia kabati, mshukuru, mwache aondoke, ulifungue ulifunge mwenyewe. Heshima haikatazi hatua kumi. Mimi nilidhani inakataza.

Naona mnarudi, mama yako amebeba kuku. Naomba Mungu mama yako asimtie kabatini.

Kesho nitapanda nawe mpaka Iguguno. Nimesema nakwenda kumsalimia mkwe. Nilifikiri nikutume wewe umwambie, kwa kuwa mjukuu anaweza kusema chochote, na angekusikiliza. Nikaona huko ni kukupa tena mzigo wangu uuviringishe barabarani.

Kwa hiyo itakuwa hivi. Utasimamisha gari uani, pale lilipolala lile la kwanza. Bibi yako atatoka, ataligusa gusa bati, atakwenda kusimama nyuma ya mkia, kwa sababu ndiko anakosimama siku zote gari likija. Hapo mimi nitashuka, nitamwamkia, nitalala chali mbele yake na mvi zangu hizi, nitalitikisa tairi kwa mikono miwili. Nikitoka huko chini, nina mavumbi mgongoni, nitamwambia kwamba mlango wake haukumuua mtu.

Sijui atasema nini. Sijui wewe utasema nini. Una safari nzima ya Mungaa hadi Iguguno ya kuamua kama utaniita vile unavyoniita. Ukinyamaza njia nzima sitakulaumu. Nakuomba jambo moja tu, wewe ndiye dereva. Ukiniona najiandaa kulala chini, utanionea huruma, mkono utakwenda kwenye gia.

Kesho usilisogeze gari hata hatua moja.

Ni mimi niliyekulea, na ninayekupenda,
Baba